Bolti Iliyoganda au Kulika Kichwa kwenye Pikipiki: Namna ya Kuitoa Bila Kuumiza Injini

Bolti iliyoganda ina namna mbili za kukujibu. Ya kwanza ni mlio mkavu, "kra!", spana inaruka kidogo mkononi. Hapo imekubali. Ya pili haina mlio. Spana inakwenda taratibu, laini, kama unapinda waya wa shaba, na moyo unafurahi kwamba inafunguka. Haifunguki, inajinyonga. Ongeza robo mzunguko, na kichwa utakiona ndani ya soketi wakati mwili wake umebaki kwenye injini. Ukishika neno moja tu katika mwongozo huu, shika hili: ulaini usioutarajia ni amri ya kusimama.

Niko Tanga, na wateja wangu wengi ni wabeba samaki wa soko la Deep Sea. Maji ya barafu na chumvi yanadondoka kutoka kwenye tenga, yanalowesha ekseli ya nyuma, swingi-amu na sailensa, kila siku ya Mungu. Pikipiki ya mwaka mmoja na nusu inakuja bolti zake zimeshikana kama zimechomelewa. Kwa hiyo haya ninayoyaandika nimeyajaribu kwenye vyuma vibaya kuliko vyako. Wewe wa Dodoma au Nakuru, kazi yako itakuwa rahisi zaidi.

Kwanza jua kinachoishikilia

Mafundi wengi wanaruka hapa, wanachukua paipu ya kurefusha mpini. Kumbe kila mshiko una dawa yake.

Chuma ndani ya chuma, kama nati ya ekseli au bolti za stendi, hushikwa na kutu nyekundu. Kutu hutanuka, hujaza nafasi kati ya meno ya bolti na meno ya tundu. Mafuta ya kupenya na kugongagonga vinasaidia sana hapa.

Chuma ndani ya aluminiamu, yaani karibu bolti zote za injini, huacha unga mweupe pembeni ya kichwa. Metali mbili tofauti zikikutana na maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na huo unga wake unaibana bolti. Mafuta peke yake hapa hayatoshi. Hapa ni joto.

Stadi za ekzosi, yaani bolti zisizo na kichwa, zimepikwa: zinapata moto na kupoa maelfu ya mara, chuma kinapoteza nguvu na kuwa chembamba. Hizo ndizo zinazokatika kuliko zote, zishughulikie kama yai.

Bolti za diski ya breki mara nyingi zimetiwa gundi ya bolti kiwandani. Gundi ile kali haijali mafuta hata uloweke wiki nzima. Hulainika kwa joto la kama 250°C.

Halafu hakikisha unazungusha upande unaofungua. Usicheke. Kioo cha kulia cha pikipiki nyingi za Yamaha kina meno ya kinyume, kinafunguka kwa kuzungusha kulia. Nimeona watu wakikata bolti nzima kabisa kwa kukaza huku wakidhani wanafungua.

Vifaa

Huhitaji duka zima. Brashi ya waya, nyundo, soketi za pembe sita, vaisgripu nzuri (koleo la kubana na kujifunga), tindo kali, panchi, bisibisi ya kugonga, gesi ndogo ya kichwa cha moto, mshumaa, na mafuta ya kupenya. Drili na biti kali za chuma ziwepo kama mambo yataharibika.

Hilo la pembe sita nalisisitiza. Soketi ya pembe kumi na mbili, na hata upande wa ringi wa spana nyingi, hushika kichwa kwenye ncha tu. Kwenye bolti nzima haina neno. Kwenye bolti iliyoganda, inalamba zile ncha na kukuachia duara. Spana ya mdomo wazi ndiyo mbaya zaidi, hiyo iache ikashike nati za kebo.

Na skrubu za kava za injini: zile zenye msalaba kwenye pikipiki za Kijapani, na injini nyingi za Kichina zilizofuata ukoo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, si sawa na msalaba wa bisibisi ya kawaida. Ni za kipimo cha Japani, JIS, na nyingi zina kidoti kidogo kando ya msalaba. Bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, inapanda yenyewe na kung'oa chuma. Ukiwa huna ya JIS, saga ncha ya bisibisi yako kidogo mpaka ikae chini kabisa. Milimita moja ndiyo inayotofautisha skrubu iliyotoka na skrubu iliyokufa.

Hatua ya 1: Safisha, lowesha, gonga, ondoka

Sugua pembeni ya bolti kwa brashi ya waya mpaka uone chuma. Mafuta hayapenyi matope. Kama bolti imetokeza upande wa pili, safisha na kule, maana meno machafu yaliyotokeza ndiyo yatakayokwama ukiwa unafungua.

Mimina mafuta ya kupenya. WD-40 iliundwa mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji. Inasaidia, lakini ziko za kupenya hasa zinazofanya vizuri zaidi. Mimi hutumia nusu kwa nusu ya oili ya gia za otomatiki na asetoni. Itikise kila unapotumia kwa sababu havikai pamoja, iweke mbali na moto na mbali na rangi ya tangi. Dizeli au mafuta ya taa ni afadhali kuliko kitu kikavu.

Sasa weka panchi butu au kipande cha chuma katikati ya kichwa cha bolti, upige kwa nyundo mapigo kumi au kumi na tano, ya wastani na ya moja kwa moja. Usipige pembeni, utapinda. Mitetemo hiyo inapasua kutu na kuyaita mafuta ndani. Kwenye bolti ndogo ya M6, yaani yenye unene wa milimita 6, iliyo kwenye aluminiamu, piga kwa adabu.

Kisha ondoka. Mteja atakuambia, "Fundi, si uivute tu, mimi nina safari." Mwambie, "Kaka, ikikatika utakaa hapa siku mbili." Lowesha jioni, rudia usiku, fungua asubuhi.

Hatua ya 2: Joto

Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Ndiyo maana unapasha tundu, si bolti: moto uzunguke aluminiamu inayoishika, na nafasi ifunguke. Kwenye chuma ndani ya chuma, pasha nati ya nje kwa haraka kabla moto haujafika kwenye bolti ya ndani.

Kabla ya kuwasha: toa tangi la mafuta, si kulifunika tu. Toa kabureta au angalau funga bomba la petroli na uikaushe. Futa yale mafuta ya kupenya, yanawaka. Tambara bichi lifunike nyaya na mpira wa karibu. Ndoo ya mchanga iwe pembeni. Na kama ulisafisha kwa dawa ya breki ya kopo, iache ikauke kabisa nje penye upepo kabla ya moto wowote, maana baadhi ya dawa hizo zikiungua hutoa gesi ya sumu. Shokapu usiipashe moto, na kaliba ya breki pia usiiguse na moto: ndani yake mna mafuta na mipira.

Aluminiamu haikuonyi. Chuma kinageuka chekundu ujue kimeiva; aluminiamu inabaki nyeupe vilevile mpaka inabomoka mkononi. Usisubiri rangi. Zungusha moto, usiuweke sehemu moja, na kila baada ya muda dondosha tone la maji kando ya bolti. Likichemka na kuruka papo hapo, inatosha, usiendelee. Kwa kava ya kawaida ni dakika mbili au tatu za gesi ndogo.

Hapo ndipo mshumaa unapofanya kazi. Ikiwa bado ya moto, gusisha nta kwenye ukingo wa bolti. Utaiona ikiyeyuka na kutoweka, inanyonywa ndani kama chai inavyoingia kwenye mandazi. Nta ikishaingia, jaribu spana ingali joto. Kwa stadi za ekzosi sijaona kitu kinachoishinda.

Hatua ya 3: Kuzungusha

Anza kwa kukaza. Ndiyo, kukaza, kwa upana wa unywele tu. Mara nyingi ndiyo inayovunja mshiko wa kwanza. Kisha fungua kwa mvuto wa pole unaoongezeka, usiruke juu ya spana. Ikisogea, hata kidogo, usishangilie na kuizungusha yote. Fungua robo, rudisha robo, weka mafuta, fungua nusu, rudisha. Unga wa kutu unasagika na kutoka nje. Ukiona inakuwa nzito zaidi kadri unavyofungua, rudi nyuma, ongeza mafuta, subiri. Bolti nyingi ninazoletewa zimekatika katikati ya safari, baada ya fundi kudhani ameshashinda.

Kwa skrubu za msalaba usihangaike na bisibisi ya mkono. Weka bisibisi ya kugonga, izungushe kwa mkono upande wa kufungua mpaka ikaze, ipige kwa nyundo pigo moja zito. Pigo linaisukuma ndani na kuizungusha kwa wakati mmoja, kwa hiyo haipati nafasi ya kupanda.

Kichwa kikiwa kimelika

Kwa kichwa cha pembe sita kilichokuwa duara, njia yangu ya kwanza ni soketi ya inchi. Bolti ya M6 huwa na kichwa cha namba 10; soketi ya 3/8 ya inchi ni milimita 9.5. Igongee kwa nyundo mpaka ikae, itabana vizuri sana. Kama huna, piga tupa pande mbili zilizoelekeana, ushuke kutoka 10 hadi 9 au 8, uvae spana ndogo.

Vaisgripu ni ya tatu. Ibane mpaka mkono uume, na meno yake yashike pande za kichwa, si juu. Vaisgripu iliyoteleza mara mbili imekwisha kukuharibia, badilisha njia.

Tindo ni ya zamani na bado inafanya kazi: chonga mfereji mdogo kwenye ukingo wa kichwa, halafu ielekeze tindo kwa mshazari upande wa kufungua na upige. Kila pigo ni msukumo na mtetemo. Inafaa sana kwa skrubu za kava zenye kichwa cha mviringo. Au kata mfereji juu kwa msumeno wa chuma au grenda, uweke bisibisi bapa. Kichwa kikiwa kimezama ndani ya kava, hiyo sahau.

Bolti za tundu, zinazofunguliwa kwa spana ya L, zikilika ndani zina dawa nzuri: chukua biti ya nyota iliyozidi kidogo tu, igongee ndani mpaka ikwame. Kabla ya hapo safisha tundu kwa msumari, kwa sababu nusu ya bolti hizo hazijalika, zimejaa tope na spana haifiki chini.

Yote yakishindikana kwa bolti ya kava, kitoboe kichwa chenyewe. Biti ya 6 kwa bolti ya M6, utoboe mpaka kichwa kidondoke. Kava inatoka, na bolti ambayo haina tena mzigo wa kukaza inabaki imetokeza. Mara nyingi unaizungusha kwa vaisgripu kama mchezo.

Ikikatika

Ikiwa kipande kimetokeza milimita kumi hivi na meno ni mazima, vaa nati mbili, zikaze moja dhidi ya nyingine, kisha zungusha ile ya ndani upande wa kufungua. Hiyo ndiyo njia ya stadi yoyote.

Ikiwa imetokeza kidogo au iko sawa na uso, mtafute fundi wa kuchomelea mwenye mkono mtulivu. Weka nati kubwa kwa saizi moja juu ya kipande, yaani ya M8 juu ya kipande cha M6, na ajaze ndani ya tundu la nati kuanzia kwenye kipande. Chuma kilichoyeyuka hakishiki aluminiamu, kwa hiyo usiogope sana kwa injini. Kinachofanya kazi hapa zaidi ya mshiko ni ule moto uliopita katikati ya bolti. Subiri wekundu uishe, gusisha nta, zungusha kwa pole. Nati ikitoka, chomelea nyingine. Mara ya tatu au ya nne ndipo inapotii. Kabla ya yote chomoa betri na soketi ya CDI (kile kisanduku cha umeme wa plagi), na waya wa ethi ubanwe karibu kabisa na kazi ili umeme usipite kwenye beringi.

Kutoboa ndiyo njia ya mwisho na ndiyo yenye makosa mengi. Sawazisha uso wa kipande kwa tupa. Piga panchi katikati kabisa. Ukikosea, sogeza alama sasa kwa panchi ya mshazari, maana biti itafuata shimo lolote ulilolianzisha. Kama kava au flanji iliyofungwa hapo bado ipo, irudishe na upitishe bushi ndogo kwenye tundu lake ili iongoze biti. Anza na biti ya milimita 3, mwendo wa taratibu, mafuta kila mara. Kwa M6 endelea hadi 5.0, kwa M8 ya kawaida hadi 6.8. Ukiwa umenyooka, kitabaki kiganda chembamba cha meno tu, unakivuta kwa sindano ya chuma.

Kuhusu zile koni za kung'olea zenye meno ya kinyume, mimi sizipendi. Fikiri: bolti nzima ya milimita 6 imeshindwa kuzunguka mpaka ikakatika, je, koni ya milimita 3 uliyoipenyeza katikati yake itaweza? Zinafaa kwa bolti iliyokatika kwa kukazwa kupita kiasi, ambayo haijaganda. Kwa iliyoganda, koni itakatikia ndani, na chuma chake ni kigumu kuliko biti yako. Hapo umegeuza tatizo la siku moja kuwa la wiki.

Ikikutokea hivyo, ipo njia ya masonara: shabu, ile ile ya dukani ya kusafishia maji. Maji ya moto yaliyokolea shabu hula chuma taratibu na kuiacha aluminiamu na shaba nyeupe. Lazima sehemu itolewe kwenye injini, izame yote, ichemke kwa saa nyingi, na uongeze maji na shabu kila yanapopungua. Haifanyi kazi kwa stenlesi, na kabureta usiitie humo, aloi yake ya zinki itaharibika.

Meno ya tundu yakiwa yameisha

Bolti imetoka lakini imetoka na nyuzi za aluminiamu zimejisokota kwenye meno yake. Ukiirudisha hivyo utakuwa unajidanganya. Pitisha tapu (chombo cha kukatia meno ndani ya tundu) ya saizi ile ile kwanza, huenda nusu ya meno bado yapo na bolti ndefu kidogo ikafika kwenye meno mazima ya chini.

Yakiwa yameisha kabisa, weka springi ya meno, ile ya helikoili. Kwa M6 unatoboa 6.3, unapitisha tapu maalumu iliyomo kwenye seti, unaingiza springi mpaka izame robo au nusu mzunguko chini ya uso, kisha unavunja kile kilimi cha chini na kukitoa. Inakuwa imara kuliko tundu la awali. Bolti ya kumwagia oili ndiyo inayonipa kazi hii zaidi ya zote, kwa sababu hufungwa kila baada ya wiki chache na kila mtu anaikaza kwa woga. Jaza grisi kwenye mifereji ya tapu ili vumbi la chuma linaswe, toa na kufuta kila baada ya mizunguko miwili, na mwisho mimina oili kidogo ya bei rahisi ipite na kutoka na mabaki.

Kuirudisha

Usirudishe bolti ya zamani iliyovutwa. Bei yake ni ndogo kuliko soda. Safisha tundu, paka grisi, au grisi ya shaba kwa sehemu za moto kama ekzosi, ingiza kwa vidole mizunguko mitatu kabla ya spana. Kwetu pwani wengi wanapenda kuweka bolti za stenlesi zinazong'aa. Hazishiki kutu zenyewe, lakini aluminiamu inayozizunguka inaliwa haraka zaidi, kwa hiyo bila grisi ni mtego.

Kukaza: M6 kwenye aluminiamu ni takribani Nm 10 (nyutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza), M8 kama 22 hadi 25, ila kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti fuata kitabu. Kama huna spana ya kipimo, shika spana namba 10 sentimita 10 kutoka kwenye bolti, na uvute kwa nguvu ile ile unayoinulia ndoo yenye lita 10 za maji. Hizo ni Nm 10. Kijana wangu gereji nilimfundisha hivyo, kwa ndoo yenyewe, akiinua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika spana, na tangu hapo kava za magneti amezifunga yeye.